Wimbo wa Kumlaza Mwanaidi

Haya nimeyapata kwa mkazamjomba wangu Zamda, mke wa mjomba Sadallah, na Zamda hakuwa mtu wa porojo. Asiyetaka kuamini asiamini, ila asinicheke usoni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha. Wenzake mjomba walirudi Kibiti kutoka jeshini na makoti na viatu, yeye akarudi na banjo. Hakudonoa nyuzi kama wengine. Alizipiga kwa mgongo wa ukucha kwenda chini, kisha dole gumba likaja nyuma kugusa ule uzi mfupi wa juu, nawe ukatikisa mguu hata kama una msiba. Alasiri alikaa kwenye baraza ya Tayabali mwenye duka, na watu wakajaa.

Alikuwa na ulafi mmoja tu: nyimbo za kale. Akisikia bibi kizee anaimba wimbo asioujua, hali wala halali mpaka aupate. Lakini hakuchukua bure. Kwao wapigaji hiyo ndiyo ilikuwa sheria, ukichukua wimbo wa mtu unamwachia wako. Tayabali alimpa wimbo wa harusi wa kwao, naye akamwachia wa mavuno, mpaka Mhindi wa watu akawa anauimba huku anapima sukari.

Mtoto wao Mwanaidi alipokuwa ndiyo kwanza anatambaa, walikwenda Maparoni kwa mama yake Zamda, Bi Mwanamkuu, kumsaidia kuamia mpunga. Mpunga ukikaribia kuiva, watu huhamia shambani, wakakaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo, wakafukuza ndege kutwa. Kazi hiyo inachosha akili jamani. Ndiyo maana wa dungu hili humwimbia wa dungu lile, huyu akianza yule anaitikia, na siku inasogea. Ila kwanza unauliza: hapo ni kwa nani? Ukishatajiwa jina, ndipo unaitikia. Mjomba aliambiwa hilo siku waliyofika. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja jua lilikuwa la utosi. Zamda yuko chini anapepeta, mtoto kalala juu. Ng'ambo ya mkono wa mto likasikika zeze. Mjomba akatazama, akaona dungu, moshi mwembamba, na kaniki imeanikwa. Wimbo ulikuwa wa kale hasa, hajapata kuusikia popote. Vidole vikamwasha. Hakuuliza ni kwa nani. Akaitikia kwa banjo, akaukosea, akaurudia, na zeze likamngoja kwa subira kama mwalimu wa chuoni.

Alipoushika wote, zeze likanyamaza. Sauti ya mwanamke ikavuka maji, wala hakuipaza.

"Umechukua. Niachie."

Mjomba, mwenye nyimbo za kujaza gunia, akatoa ule uliokuwa karibu na ulimi. Ulikuwa ule Zamda aliomtungia mwanawe wa kumlaza, wenye jina lake ndani. Akaupiga na kuuimba wote, hakubakisha neno.

Mwanaidi akafumbua macho.

Hakulala mchana ule, wala usiku, wala kesho yake. Angelia ingekuwa nafuu. Alikaa kimya tu, macho makavu, shingo kaigeuzia mtoni. Ziwa la mama akalikataa. Zamda akafungua kinywa amwimbie, akakuta hamna kitu. Maneno yamekwenda, na mahadhi yake yamekwenda. Akamwambia mumewe aupige kwa banjo. Vidole vya mjomba vikatoa ule wimbo wa zeze, na kila alipoanza upya vikatoa uleule. Wakagombana, wakagombana tena. Hakuna aliyeweza kukaa mahali pamoja. Bi Mwanamkuu alimpima mjukuu wake kwa mikono, akaona anakwisha.

Adhuhuri ya siku ya tatu sauti ikaimba ng'ambo. Zamda aliutambua wimbo kwa jina la mwanawe. Mwanaidi akaanza kutambaa. Akafika ukingoni mwa dungu, na hakusimama. Zamda akamdaka mguu.

Akanong'ona, "Baba Mwanaidi, nani anamlaza mwanangu?"

Hapo mjomba akasema yote. Bi Mwanamkuu akatazama alikooneshwa.

"Dungu gani?" akauliza. "Lile lilianguka mwaka wa mafuriko. Nguzo zake nimezipikia mimi."

Wakatazama wote. Matete matupu. Mjomba akauliza, na mwenyewe je? Bi Mwanamkuu akasema mwenyewe alikwenda na maji, aliingia kumtafuta mwanawe. Kisha akamwambia mkwewe achukue banjo, avuke, arudishe alichochukua na aombe alichoacha. Asipokee kingine.

Zamda akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akasimama ukingoni mwa mto. Ndiyo maana aliona.

Mjomba alivuka kwa mtumbwi. Akashuka topeni. Akayapigia matete ule wimbo wa kale mpaka mwisho. Zeze likamjibu kutoka hatua chache tu. Karibu. Karibu mno.

"Wako nimeurudisha," akasema. "Nipe wangu."

Sauti ya yule mwanamke ikatoka ndani ya matete.

"Wako mtamu," ikajibu. "Una jina ndani."

Mjomba alikuwa mtu wa vita, lakini alilia, Zamda alimsikia kutoka ng'ambo. Akalilaza banjo lake topeni, akalisukuma kwenye matete kwa mikono miwili.

"Chukua hili. Mtoto yule ana mama yake."

Matete yakatikisika. Upepo haukuwapo. Akasikia ukucha ukishuka juu ya nyuzi, na ule uzi mfupi ukalia. Akakimbilia mtumbwi.

Papo hapo kinywa cha Zamda kikafunguka chenyewe. Wimbo ukatoka, wote, na jina la mwanawe ndani. Akauimba huku machozi yanamtoka. Akahisi kichwa cha mtoto kinalemea mgongo wake. Mwanaidi kalala. Alhamdulillahi.

Hawakungoja. Mpunga waliwaachia ndege, wakaondoka na Bi Mwanamkuu saa ileile, na njia nzima Zamda aliimba, akiogopa kunyamaza. Tangu alipomfunga mtoto hakumteremsha, na mkono wa mtu haukumgusa. Walipoingia nyumbani Kibiti ndipo akafungua kanga.

Nywele za Mwanaidi zilikuwa fupi na laini, hata kitana hakikupata pa kushika. Sasa zilikuwa zimesukwa. Mistari myembamba, imekazwa vizuri, bado ina maji ya tope.

Zilisukwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umechanwa, umegawanywa mistari, unangoja.