Aliyemwiba Mama Mkwe wa Bokultala

Wavu ulikuwepo. Nguzo za mianzi zilikuwepo. Samaki hakuwepo.

Inspekta Sudeshna Bhowmik alichutama kwenye tope, suruali ya sare ameikunja hadi magotini, akayatazama maji yaliyotulia ndani ya kizimba. Nyuma yake mzee Haripada Naskar, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi, alikuwa akilia kama mtu aliyefiwa.

"Ameibwa, afande! Mama Mkwe ameibwa!"

Konstebo Dhananjoy akashtuka. "Mama mkwe wa nani?"

"Samaki, wewe! Tulimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake. Umebinuka juu, kutwa kucha amenuna."

Konstebo aligeuka pembeni ili asionekane akicheka. Mabega yakamsaliti.

Inspekta hakucheka. Alijua kilichokuwa hatarini. Saa sita mchana, kamati ya mazingira ya serikali ingeketi shuleni kusikiliza maoni ya wanakijiji. Kampuni ya Anga Tulivu ilitaka kuyafukia mabwawa ya Bokultala na kusimamisha maghorofa marefu, familia juu ya familia. Kwenye ombi lao walisema maji haya yamekufa, hakuna kiumbe cha maana kinachoweza kukua humo.

Haripada alikuwa na jibu moja tu: Mama Mkwe, samaki jike wa aina ya katla, mrefu kama mtoto wa darasa la pili, mnene kama gogo, aliyekulia humu humu. Angemleta mbele ya kamati akiwa hai, basi.

"Mji mzima wa Kolkata unatuletea maji yake machafu," mzee alisema akijifuta pua kwa ncha ya kitambaa cha begani. "Sisi tunaurudishia samaki. Sasa bila Mama Mkwe nitawaonyesha nini? Maneno? Maneno kampuni inayo kunishinda."

"Unamshuku nani?"

"Nusu ya kijiji. Nusu wanataka maghorofa, nusu tunataka mabwawa, na wote nimewaalika nyumbani kwangu leo. Binti yangu anaolewa!"

Kweli, kutoka ng'ambo ya bwawa ngoma zilikuwa zimeshaanza. Jhinuk, binti wa Haripada, alikuwa akiolewa na Palash, kijana wa nyumba ya Mridha iliyo upande wa pili wa maji.

Inspekta alirudi kwenye kizimba. Kamba haikukatwa. Ilifunguliwa. Fundo lilikuwa la wavuvi wa hapo hapo, la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha. Kwenye kamba palikuwa na doa la njano. Kwenye tuta, matairi matatu membamba yalikuwa yamechora njia hadi barabara ya matofali.

"Dhananjoy, piga picha alama hizi. Na usiikanyage ile, tafadhali, ndiyo pekee iliyobaki nzima."

"Ndiyo, afande." Alikuwa ameshaikanyaga.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Bwana Lahiri, meneja wa kampuni, aliyeshuka kwenye gari lake akitafuta mahali pakavu pa kuweka kiatu.

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani mjini, Ballygunge. Mvua ilifurika mtaani kwetu, sikuweza hata kufungua geti."

"Maji yalikosa pa kwenda?"

"Ndiyo."

"Pole. Na wewe unataka kufukia yanapokwenda." Inspekta alimpa kipande cha kamba chenye fundo kama lile. "Fungua hili."

Bwana Lahiri alivuta. Akageuza. Akauma kwa meno. Akavunja kucha.

"Afande," Konstebo alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "huyu hata kamba za viatu anafungiwa."

"Asante, Bwana Lahiri. Usiende mbali."

Ikabaki kazi ya kumhoji aliyemlinda samaki usiku kucha, mzee Haripada mwenyewe.

"Baba, wewe ulilala wapi?"

"Hapa hapa juu ya tuta. Mkeka wangu ule pale."

"Nani alipita?"

"Hakuna."

"Tangu jioni hadi alfajiri, hakuna mtu?"

"Hakuna hata mmoja, mwanangu. Labda wale wanawake tu, walipokuja kuteka maji ya harusi."

Inspekta alinyanyuka taratibu. "Wanawake si watu?"

"Aa, usinigeuzie maneno! Hii ni desturi. Kabla jua halijatoka wanawake wa bwana harusi huja kuteka maji na kuualika mto harusini. Mwanamume mwenye adabu hujiondoa. Ulitaka nikae niwatazame wakwe zangu wamelowa? Nikaenda nyuma ya mianzi, nikawapa mgongo."

"Walikuja na nini?"

"Mitungi. Nyimbo. Vigelegele vya kuamsha wafu."

"Na mkokoteni?"

"Baiskeli ile ya mkokoteni, ya magurudumu matatu. Ilibeba mitungi. Na sufuria moja la shughuli, lile la kupikia wali wa watu mia. Nilijiambia, hawa wanataka maji mengi."

Inspekta alisugua doa la njano kwa kidole, akanusa. "Manjano. Mbichi, imesagwa leo."

"Mungu wangu," Haripada alisema. "Wakwe zangu?"

Kabla hajajibiwa, mlio wa kombe la baharini likipulizwa ulisikika kutoka barabarani. Zawadi za bwana harusi zilikuwa zinawasili: sinia za peremende, sari zilizokunjwa, bakuli la manjano aliyopakwa bwana harusi ili naye bibi harusi apakwe, na juu ya sinia la mwisho, samaki aliyevalishwa kama bibi harusi. Sari nyekundu, shela, na hereni ya puani.

"Simama!" Konstebo alipiga kelele. "Kwa amri ya polisi, mfunueni bibi harusi!"

Wabebaji walisimama. Wanawake wa nyumba ya Haripada walisogea. Inspekta alilivuta shela kwa vidole viwili.

Alikuwa samaki mdogo. Rui mmoja mwembamba, ambaye bila sari angejaa kiganja na nusu.

Kicheko kililipuka. "Haya ndiyo makubwa ya Kanaklata, mama wa bwana harusi?" shangazi wa bibi harusi alidakia. "Mwezi mzima anatamba sokoni kwamba wabebaji wake watavunjika migongo!"

"Huyu amevunjika mwenyewe kwa njaa!" mwingine alijibu.

Haripada alishusha pumzi. "Si yeye. Basi wakwe hawana hatia."

"Kinyume chake, Baba," Inspekta alisema. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. "Mwanamke aliyeahidi samaki wa kuvunja migongo hatumi dagaa kwa hiari. Alikuwa naye mkubwa. Kuna kitu kimemzuia kumtuma. Dhananjoy, twende."

Nyumba ya Mridha ilikuwa na vyumba viwili na watu wanane, bila kuhesabu wageni wa harusi. Palash, bwana harusi, alikuwa amekaa uani njano tupu, akicheka na binamu zake. Mama yake, Kanaklata, aliwapokea wageni kizingitini. Sari mpya, uso mkavu.

"Karibuni, karibuni. Mtakula?"

"Baadaye, Mama. Leo alfajiri ulikwenda kuteka maji?"

"Nisingeenda, mwanangu angeoa kwa maji ya bomba?"

"Mkamchukua na samaki."

"Samaki gani? Samaki tumemtuma. Hamkumwona?"

"Tulimwona kwa taabu."

Kanaklata alijaribu kucheka. Inspekta hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama mikono. Wa kushoto ulikuwa wa njano hadi kwenye kiwiko, kama ya wanawake wote waliosaga manjano siku ile. Wa kulia ulikuwa mweupe, umeoshwa, kiganja kimekunjamana kama cha mtu aliyefua mchana kutwa. Na ulikuwa haujatulia. Ulipanda na kushuka, ukipigapiga paja polepole, pwa, pwa, pwa, bila mwenyewe kujua.

Kutoka nyuma ya jiko sauti ile ile ilikuwa inajibu. Pwa. Pwa. Pwa.

Inspekta alikuwa amepanda treni za asubuhi na wabeba samaki maisha yake yote. Aliwajua kwa mkono huo. Samaki hai ndani ya chombo lazima maji yake yapigwe kwa kiganja, yachanganyike na hewa. Mkono ukiacha, samaki anakufa.

"Dhananjoy," alisema kwa upole, "hebu nenda nyuma ya jiko ukamsalimie aliyeko huko. Msalimie vizuri. Shikana naye mikono."

Konstebo akaenda. Sauti ikakoma.

Mkono wa kulia wa Kanaklata ukaenda mbio.

"Mvua ilikuwa nzuri jana," Inspekta alisema.

"Nzuri."

"Mahindi yatakuwa mengi."

"Mengi..." Jasho lilimtoka. Akavumilia kidogo. Kisha akageuka na kupiga ukelele uliowanyamazisha wapiga ngoma: "Usiache we Malati! Atakufa!"

Akaufunika mdomo wake kwa mkono wa njano. Alikuwa amechelewa.

Nyuma ya jiko walimkuta Mama Mkwe ndani ya sufuria la shughuli, amejikunja, amenuna, mzima. Malati, wifi yake Kanaklata, alikuwa amepiga magoti pembeni, mkono mmoja majini na mwingine ameng'ang'aniwa na Konstebo, ambaye bado alikuwa anasalimia.

"Eleza, Mama," Inspekta alisema.

Kanaklata alipiga magoti, akatumbukiza mkono, akaendelea kupiga maji. Ilimbidi aungame hivyo hivyo, akifanya kazi.

"Nilitaka nimchinje. Nimvalishe sari, nimtume kwa Baba Jhinuk, wamle wote saa ya chakula bila kujua. Kamati ije, isione kitu. Maghorofa yajengwe."

"Mbona hukumchinja?"

"Nilinyanyua kisu. Nikamshika tumboni. Ana mayai, dada. Mimi ni binti wa mvuvi. Jike mwenye mayai msimu wa mvua, utamchinjaje? Baba yangu angetoka kwenye majivu yake anizabe kofi. Nikasema basi, nitamweka mpaka kamati iondoke. Lakini akaanza kutweta. Toka alfajiri tunapokezana. Mkono huu si wangu tena."

"Na maghorofa, unayataka ya nini?"

Kanaklata alionyesha kwa kidevu kile chumba cha pili. Kwenye mwanya wa kuingilia palining'inia sari kuukuu.

"Unaona hilo pazia? Niliolewa nikalala nyuma yake. Wanangu nimewazaa nyuma yake. Mkwe hapa, shemeji pale. Nilijifunza kulia bila sauti, hilo kila mke anajua. Lakini mimi nilijifunza hata kucheka bila sauti. Leo Jhinuk anakuja. Msichana yule akicheka anasikika mpaka ng'ambo! Nimfundishe nini? Kampuni ilituonyesha picha, chumba kina mlango. Mlango, afande. Nilitaka mlango tu."

Haripada alikuwa amewafuata, amesimama kando ya tanuri, kitambaa chake mkononi.

"Mama Palash," alisema hatimaye, "ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kila nikitaja nyumba wewe unataja bata wa majini!"

Ilikuwa kweli.

"Nimtie pingu?" Konstebo aliuliza.

"Ukimfunga, maji utapiga wewe?" Inspekta alitazama saa. "Kamati inaketi sasa hivi. Mpakieni mkokotenini. Wote wawili."

Hivyo ndivyo kielelezo kilivyofika shuleni: Haripada akisukuma, Palash wa njano akikanyaga pedali, Kanaklata amekaa juu akipiga maji, na ngoma za harusi nyuma yao, kwa kuwa wapigaji walishalipwa na hawakuona sababu ya kukaa bure.

Katika hotuba yake Bwana Lahiri alikuwa amefikia mahali pa maji yaliyokufa. Mwenyekiti wa kamati, mwanamama mwenye miwani minene, aliinama juu ya sufuria kuchungulia. Mama Mkwe alipiga mkia. Mwenyekiti, miwani, faili na Bwana Lahiri vikalowa pamoja.

"Marehemu huyu ana nguvu," Mwenyekiti alisema, akifuta miwani. "Nani anazungumza kwa niaba ya kijiji?"

Haripada alisimama. Kisha akaketi. "Mzazi mwenzangu ataanza," alisema. "Mimi nitataja bata baadaye."

Kanaklata hakuwa amejiandaa. Alisema akiwa pale pale mkokotenini, mkono majini. Kwamba anataka nyumba, na hataki mtu amdanganye kuwa hazihitajiki. Kwamba bwawa ni hai, wote wameona. Kwamba kando ya barabara kuu kuna uwanja wa tanuri la matofali lililokufa zamani, ardhi ya juu, kavu, hata chura hataki kukaa. "Jengeni pale, ghorofa tatu, nne. Tupeni milango. Maji muyaache."

Nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Halafu nusu ya pili. Mwenyekiti alitangaza kwamba ombi la kufukia mabwawa halitapita, na kwamba kamati ingeukagua uwanja wa tanuri juma lile lile.

Mama Mkwe alirudishwa bwawani kwa vigelegele. Alizama bila kuaga.

"Sasa kuna suala la jinai," Inspekta alimwambia Haripada. "Wewe ndiye mlalamikaji. Unasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Wizi wa samaki."

"Samaki gani? Si yumo bwawani?" Mzee alimtazama kwa macho makavu kabisa. "Afande, wewe njoo ule. Kichwa cha yule rui mdogo tumekuwekea wewe."

Siku ya tatu, usiku wa maua, ule wa kwanza maharusi kulala chumba kimoja, watu wa bibi harusi walipeleka zawadi zao nyumbani kwa Mridha. Inspekta alikuwepo, amevaa sari, na safari hii hakuwa kazini. Yalitangulia maua, likafuata godoro. Nyuma yao walikuja wanaume wanne, jasho likiwatoka, wamebeba kitu kirefu kilichofunikwa sari nyekundu, hereni ya puani imening'inia kwenye kitasa.

Ulikuwa mlango. Haripada alikuwa ameung'oa kwenye ghala lake la nyavu. Seremala aliwafuata na bawaba mfukoni.

Kanaklata alilishusha pazia kuukuu kwa mikono yake. Maharusi walipoingia aliuvuta mlango mpya, akaufunga kutoka nje, akabaki ameweka kiganja juu ya mbao.

Ndani, Jhinuk alicheka. Alisikika mpaka ng'ambo ya bwawa.