Michoro ya Gati la Salale

Stendi ya Kibiti ilikuwa imefurika mchana ule. Wapiga debe waligombea abiria wa Ikwiriri, wauza korosho wakigonga vioo vya mabasi, na katikati ya purukushani hiyo akatokea Biasha: dera la zambarau, mtandio mweusi, mabuti ya mpira yenye tope lililokauka. Aliingia moja kwa moja dukani kwa Twalha, fundi kompyuta, akaweka kompyuta yake mezani.

"Fundi, Linux unaijua?"

"Naijua. Inaumwa nini?"

"Programu ya kuchorea. Nabofya, inazunguka kidogo, halafu kimya. Mafundi wawili wameniambia niifute yote nianze upya."

Twalha alitabasamu. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiita programu kwa jina lake, na sababu ikajitokeza palepale: faili moja ya mfumo ilikosekana. Akaipakua, akaiweka, programu ikafunguka. Biasha, mhandisi aliyepewa kazi ya kusanifu gati la boti la Salale, kijiji cha ng'ambo ya mikoko, alipiga kofi la furaha hadi wateja wakageuka.

"Nikupe nini, fundi?"

"Namba yako tu. Ikizima tena nijue."

"Ikizima nitakupigia mwenyewe," alisema, lakini namba akaiandika.

Haikuzima, na bado alipiga. Kule Salale mtandao ulishikika kwenye ngazi za zahanati tu, basi kila jioni Biasha alikaa pale. Kuanzia alasiri Twalha hakutulia. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena, mteja akiongea naye haelewi kitu.

"Umekula, laazizi?"

"Wali kwa kamba."

"Bila mimi?"

"Njoo basi! Miezi miwili sasa, mimi ndiye wa kuja Kibiti kila mara. Au waogopa boti?"

Aliogopa kweli. Hakuwahi kuvuka bandari ya Nyamisati, boti zinapoanzia, maishani mwake. Akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Alhamisi moja, saa moja asubuhi, simu iliita.

"Twalha, imekataa! Jana nilisasisha mfumo, leo haifunguki. Watu wa wilaya wanakuja saa nane kuiona michoro. Wakinikuta mikono mitupu, gati linasubiri mwaka mwingine."

Twalha alijua maana yake. Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia topeni akibebwa kupelekwa botini, na Biasha ndiye aliyemshikia kanga.

"Tulia, mpenzi. Andika ninavyokwambia. Inasemaje?"

"Inasema haiwezi kusoma mipangilio."

"Folda ya mipangilio imeharibika. Ibadilishe jina, programu itajitengenezea nyingine."

Alimsikia akigonga herufi, akihema.

"Imefunguka! Wallahi imefunguka!" Kisha sauti ikabadilika. "Twalha. Michoro yangu iko wapi? Hapa orodha ni tupu."

"Hiyo ni orodha tu ya—"

"Miezi miwili! Umenifutia kazi ya miezi miwili!"

"Biasha, nisikilize, faili ziko—"

"Nilikuamini mimi!"

Simu ikakatika. Twalha alipiga tena, haipatikani. Alituma ujumbe, haukufika. Akakaa, akasimama, akazunguka meza. Mwishowe akafunga duka na kudandia bodaboda hadi Nyamisati. Huko nahodha akamwambia wasubiri maji yajae. Alitembea ukingoni huku na huko kwa saa mbili, kila dakika akitazama simu. Boti ilipoondoka, alishika ubao kwa mikono miwili, macho kwenye mikoko.

Saa saba na nusu alimkuta Biasha kwenye baraza la zahanati, macho mekundu, akichora gati kwa penseli kwenye karatasi. Aliinua uso, akamwona Twalha amelowa na kutapakaa tope hadi kifuani, maana boti ilimshushia majini.

"Umefuata nini?"

"Nipe kompyuta."

Aliandika amri moja ya kutafuta michoro yote iliyomo. Yakajitokeza majina kumi na manne, yote kwenye folda ambayo Biasha mwenyewe aliichagua siku ya kwanza. Tangu hapo alizoea kuifungua michoro kupitia orodha ya programu, iliyopotea pamoja na mipangilio ya zamani, hakuwahi kujiuliza imehifadhiwa wapi.

Biasha alijiziba mdomo. Hapakuwa na muda wa maneno. Boti ya wilaya ilikuwa inatia nanga.

Watu wa wilaya walimuuliza urefu wa nguzo, wakamuuliza maji yakipwa itakuwaje, akajibu yote bila kutetereka. Saa kumi walikuwa wamesaini na kuondoka.

"Nisamehe," alisema walipobaki wawili.

"Hukuniacha hata nimalize sentensi."

"Najua. Niliogopa, Twalha. Nikatafuta wa kumlaumu, nikakupata wewe."

"Imeniuma."

"Umekasirika?"

"Sana. Nitakasirika mpaka kesho."

"Na kesho?"

"Kesho namtuma mjomba wangu aende kijijini Mtunda, kwa baba yako, akapeleke posa."

Biasha akaanza kumpangusa tope lililokaukia kwenye shati.

"Basi kasirika haraka," alisema.