Meno ya Bi Kuluthum

Haya alinieleza Bi Kuluthum mwenyewe, Ijumaa iliyopita, tukichambua mchele nyumbani kwake Utange. Nami nayaandika alivyoyasema.

Kila alasiri watoto wa mtaa walikuja kwake chuoni kusoma Kurani. Kabla ya sala alikuwa akitawadha kwenye hodhi nyuma ya nyumba. Hakuwa na jino lake hata moja, kwa hiyo alivua meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, akayaweka ukingoni ili asukutue vizuri.

Siku moja wazazi walikuwa wanakuja kuwasikiliza watoto watakaosoma kwenye Maulidi. Swabra, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuchaguliwa. Bi Kuluthum alikuwa amemwambia mbele ya wenzake, "Wewe hujafanya mazoezi, mwanangu. Herufi zako zimelegea. Atasoma Raihana."

Swabra hakuyasahau maneno hayo. Mwalimu alipoinama kuosha miguu, Swabra aliyanyakua yale meno, akayapanga juu ya ukuta wa ua.

"Leo tutaona nani herufi zake zimelegea," akamnong'oneza Raihana.

"We Swabra, yarudishe! Wallahi nitasema!"

"Kidogo tu. Tucheke."

Kunguru hakuwangoja wacheke. Alitua ukutani, akadonoa, meno yakaangukia upande wa barabara. Tuktuk ikapita juu yake. Kulisikika mlio kama wa kigae kinachovunjika.

Bi Kuluthum akapapasa ukingoni, akapapasa tena. Wageni walikuwa wameshaketi mkekani. Ikambidi aingie hivyo hivyo, leso mdomoni, aanze kusomesha. Zile herufi zinazotaka ncha ya ulimi iguse meno zikatoka upepo mtupu. Mtoto mmoja akacheka, kisha wote. Mama mmoja, mtu mzima, alijificha ndani ya buibui lake, mabega yakimtikisika. Mwingine alisema bila kushusha sauti, "Huyu ndiye anayewafundisha wetu matamshi?"

Haikupita wiki, nusu ya watoto wakahamishiwa chuo kingine.

Raihana alisema, kama alivyoapa. Bi Salha, mamake Swabra, akamkokota bintiye hadi kwa mwalimu.

"Shikamoo, Bi," Swabra akaamkia.

"Marahaba." Bi Kuluthum akaishusha leso. Mashavu yalikuwa yamebonyea, midomo imeingia ndani. "Nitazame. Ulitaka kucheka. Cheka basi."

Swabra akaangua kilio.

"Sikukwambia ulie. Nimesema cheka."

Bi Salha alimpeleka mwalimu kwa daktari wa meno, na Swabra akabebeshwa mkoba. Daktari Nyale, mama mpole, alimpima damu na kumkagua mdomo kwa muda mrefu.

"Meno yakishatoka, mfupa wa taya hupungua," alieleza. "Ndiyo maana hata yale ya bandia yalikuwa yanacheza. Naweza kukutengenezea mengine ya kuvua. Au tukupandikizie. Natia skrubu chache ndani ya mfupa, juu na chini. Mfupa unazishika kwa miezi kadhaa, kisha juu yake nafunga safu nzima ya meno. Si kila jino na skrubu yake."

"Na nikitawadha?"

"Hayo hayavuliki. Nitayafungua mimi tu, hapa. Lakini ni upasuaji, utavimba. Na lazima uyasafishe kila siku, la sivyo fizi zitaharibika na skrubu zitalegea. Jambo jingine, sukari yako iko juu. Ikiwa hivi, kidonda hakifungi vizuri. Tuishushe kwanza."

Swabra akauliza polepole, "Daktari, hayawezi kuwekwa leo? Maulidi ni wiki ijayo."

Bi Kuluthum hakumtazama. "Kuvunja ndiko kulikuwa kwa siku moja," akasema.

Maulidi yakapita bila mwalimu. Faraj, mwanawe aliyeko Maskati, alijitolea kulipia meno ya kupandikizwa. Swabra naye aliamriwa na mamake kumpelekea mwalimu uji usio na sukari kila alfajiri kabla ya shule. Kwa dawa na uji huo, sukari ilishuka. Skrubu zikatiwa, na uso wa Bi Kuluthum ukavimba hadi jicho likafumba. Swabra alimkandia barafu, na katika siku zile zote mwalimu hakumwambia hata ahsante.

Miezi ilipopita, mfupa ulishika na meno yakafungwa. Siku hiyo Bi Kuluthum alitafuna kipande cha nazi, tena kwa sauti. Swabra aliruhusiwa kulala kwake.

"Bi, umenisamehe?" aliuliza wakitandika kitanda.

"Nimekusamehe. Lakini sikia. Meno daktari amenirudishia. Wale watoto waliohama hawakurudi, na hakuna daktari wa kunirejeshea hao. Ukikasirika na mtu, mwambie. Usiichukue aibu ya mwili wake ukaifanya mchezo, kwa sababu hujui itaangukia wapi."

"Nimesikia, Bi."

Swabra akajifunika shuka. Bi Kuluthum akalala kando yake, mkono ukiwa umefunika mdomo, kama alivyozoea tangu siku ile alipochekwa. Alingoja pumzi za mtoto zitulie. Alipohakikisha amelala fofofo na hawezi kumtazama, ndipo akautoa mkono, naye akalala.