Baba wa Mtoto wa Mpole

Kila asubuhi muuza maji alimfunga Mpole kwenye mkokoteni, na mkewe akapakia mapipa. Mpole alikuwa farasi jike wao wa pekee. Ndiye aliyewalisha na kuwasomeshea watoto. Sasa uzee ulikuwa unabisha hodi. Kwenye mlima alisimama kuvuta pumzi.

"Azae, tupate wa kumrithi," alisema mume. "Kaka ana dume. Atatupa bure."

Dume huyo alikuwa mzuri kweli. Mrefu, mweusi, shingo juu kama bwana harusi. Lakini mke hakumpenda, kwa sababu aliwahi kumng'ata mtu bega. Hata hivyo, kumkataa dume wa shemeji ni kumkataa shemeji mwenyewe. Mke akaendelea kupakia mapipa.

Siku daktari wa mifugo alipokuja kumchanja Mpole, mke aliona hapo ndipo pa kusemea.

"Daktari, tunataka kumpandisha. Shemeji yangu ana dume mzuri."

"Mzuri wa nini, mama?"

"Wa sura."

"Sura haivuti mkokoteni," alisema daktari, huku akipapasa miguu ya Mpole. "Watoto wake mmewaona?"

Mume akacheka. "Sisi tunamtaka baba, daktari. Watoto wa nini?"

"Baba ataondoka jioni ile ile. Mtakayebaki naye ni mtoto. Nendeni mkawaone."

Wakaenda. Mtoto wa kwanza alikuwa na magoti ya mbele yaliyopinda kwa ndani, akitembea anajikwaa. Wa pili vivyo hivyo, na hakamatiki kwa mateke. Mama zao walikuwa wazima na wapole. Wakarudi nyumbani. Njiani mke alimhurumia mumewe, maana alijua anawaza atamwambia nini kaka yake.

"Miguu mibovu na ukali, dume huwarithisha watoto," daktari aliwaeleza. "Chagueni dume mtulivu, mwenye miguu iliyonyooka. Asiwe ndugu wa Mpole, wala asimzidi mno kwa umbo. Na nimpime afya kwanza."

Akawapeleka kwa mwenye mashine ya kusaga. Dume wake alikuwa mfupi, rangi ya vumbi.

"Huyu ni farasi, au punda aliyejitahidi?" aliuliza mume.

Lakini dume alikubali kushikwa miguu yote bila kurusha teke. Watoto wake walikuwa wakivuta mikokoteni sokoni, miguu imenyooka. Daktari akampima, akamkuta mzima. Basi Mpole akapandishwa, na baada ya karibu mwaka akazaa salama.

Shemeji alinuna. Salamu alileta, miguu hakuleta. Mke aliogopa kwamba undugu umevunjika kwa ajili ya farasi.

Miaka ikapita. Mtoto wa Mpole akakomaa, akafundishwa kazi taratibu. Asubuhi moja alipanda mlima na mapipa yake bila kusimama, na mume akitembea kando yake anaimba. Waliporudi, shemeji alikuwa mlangoni. Alichuchumaa, akapapasa magoti ya yule farasi kijana, moja moja.

"Dume wangu nimemhasi," alisema mwishowe. "Daktari alinishauri, nikachelewa kusikia. Shemeji, huyo dume wenu mfupi anapatikana wapi? Nina jike nyumbani."

Mke akamvutia kigoda, akamwelekeza njia.