Masale ya Kisiwa cha Darasa la Saba

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Digna alipitia kwanza kwenye nchi yake. Alivuka maji kwa ubao, akatembea ukingoni mikono ikiwa nyuma, akakagua matuta ya maharage kama bwana shamba. Wenzake walimwita kwa mbali, "Habari za asubuhi, Ndugu Rais!" Naye aliitikia bila kucheka hata kidogo.

Nchi yenyewe ilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya shule yao, huko Kibosho. Mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka kutoka mlimani, uligawanyika hapo, ukakizunguka kipande hicho pande zote, kisha ukaungana tena na kwenda kwa majirani wa chini. Mwalimu Sirili alikuwa akiwafundisha juu ya nchi ndogo za visiwa. Shelisheli ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ipate uhuru, na darasa zima lilibisha: nchi gani hiyo, ndogo kuliko wilaya?

"Haya, wajuaji," Mwalimu akasema. "Chukueni kile kisiwa cha shamba la shule. Chagueni serikali, mtunge sheria, mlime, mjitegemee. Tutaona kama ni kazi ndogo."

Wakamchagua Digna kuwa rais, maana alikuwa mchapakazi na mdomo wake haukuogopa mtu. Faustin, mvulana mpole anayesema polepole, akawa waziri wa ardhi. Walikubaliana kwamba jambo lolote la ardhi litaamuliwa na mkutano wa wananchi wote. Mavuno yangeuzwa sokoni Kiboriloni, darasa linunue mpira.

Sasa, kisiwa kile kilizungushiwa masale, mimea yenye majani marefu ambayo Wachagga huipanda mipakani. Digna aliyatazama, akaona yanakula nafasi bure.

"Tukiyang'oa tutapata tuta jingine zima, kuzunguka pande zote!" alimwambia Faustin.

"Tuitishe mkutano kwanza," Faustin akajibu.

"Mkutano, mkutano! Masika yako mlangoni, wewe unataka maneno. Kwani rais ni nani hapa?"

Faustin akaenda zake. Mwalimu Sirili alikuwa Moshi mjini kwenye semina, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumzuia. Mchana ule Digna alichukua jembe na wasichana wawili, wakang'oa masale yote na kuyatupa juani. Walipanda maharage hadi ukingoni kabisa. Digna alirudi nyumbani akiimba, jinsi alivyojiona hodari!

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha mchana na usiku, na maji ya mfongo yakajaa. Mvua ilipopumzika, Digna alikimbia kwenda kuitazama nchi yake. Loo! Ubao haukuwepo. Kingo zilikuwa zimemeguka, matuta yamekwenda, na pale katikati palibaki kilima cha udongo ambacho hata mbuzi wawili wasingetosha kulala juu yake. Digna alisimama pale, miguu ikizama topeni. 

Mwalimu Sirili aliporudi kutoka semina aliwakusanya pale pale. "Nini kimetokea?"

"Ni mvua, Mwalimu," Digna akawahi kusema. "Ilikuwa kubwa mno."

Faustin alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Mwalimu alinyoosha kidole ng'ambo ya maji. "Hata kule imenyesha. Mbona ukingo wa kule, wenye masale yake, upo?"

 Kengele ikalia, na Digna akajiona ameokoka.

Hakuwa ameokoka. Jioni, akirudi nyumbani, alimwona Bibi Anyesi akipanda kutoka korongoni na ndoo kichwani. Bibi huyu alikuwa mjane aliyekaa chini tu ya shule, na goti lake moja lilikuwa limevimba miaka mingi. Siku zote alichota maji ya mfongo mlangoni pake. Digna alishangaa: leo ameendea nini korongoni, na njia ile inavyoteleza?

Kabla hajauliza, Bibi aliteleza. Ndoo ikaanguka, maji yote yakamwagika, na Bibi akakaa chini kwenye tope akishika goti lake. Digna alitaka kukimbilia kumwinua. Ndipo macho yake yalipouona mfongo wa Bibi, umejaa tope jekundu hadi juu, na katikati ya tope miche ya maharage imelala. Aliitambua. Aliipanda kwa mikono yake mwenyewe. Akajificha nyuma ya migomba, akasubiri mpaka Bibi aliponyanyuka peke yake. Aibu aliyoiona siku ile hakuwahi kuiona tena.

Kesho yake hakusubiri kuulizwa. Alisimama mbele ya darasa na mbele ya Mwalimu.

"Ndugu wananchi, si mvua. Masale niliyang'oa mimi, bila mkutano. Faustin alinikataza. Na udongo wetu umeziba mfongo wa Bibi Anyesi. Nimemwona akianguka akitafuta maji, nami nikajificha." Akaanza kulia.

"Ajiuzulu!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakaitikia.

Faustin akainuka polepole kama kawaida yake. "Atajiuzulu baadaye. Kwanza tukazibue maji ya Bibi. Na yeye atangulie."

Walikwenda wote na majembe, Mwalimu akiwa nyuma. Bibi Anyesi alikuwa ameketi mlangoni, goti amelifunga kitambaa.

"Shikamoo, Bibi," Digna akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona kundi lote hili?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Bibi. Ni mimi niliyeziba maji yako." Akamweleza yote.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaitazama mikono ya mtoto. Watu wa kule, mtu akikosa, humpelekea aliyemkosea jani la isale, moja la masale yale ya mipakani, naye aliyekosewa hawezi kukataa kumsamehe.

"Isale liko wapi?" Bibi akauliza.

Digna aliitazama mikono yake mitupu. "Sina, Bibi. Yetu niliyang'oa yote."

 Bibi Anyesi aliinuka kwa shida, akachechemea mpaka kwenye ua wake, akachuma jani moja la isale, akarudi na kulitia mkononi mwa Digna.

"Haya," akasema. "Sasa nipe."

Digna alilitoa kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. Bibi akalipokea.

Walichimba tope mpaka maji yakapita tena mlangoni pa Bibi. Walipomaliza, aliwakatia vipande vya masale vya kupanda upya. Mwalimu Sirili akafuta jembe lake na kusema:

"Mwenye nchi kubwa akipoteza shamba, huhamia kwingine. Wa kisiwani hana kwingine, ndiyo maana hulinda ukingo kwanza, mavuno baadaye. Na udongo mnaoupoteza ninyi lazima uangukie kwa jirani. Kwa hiyo kiongozi asiguse ardhi ya watu kabla ya kuwauliza wenyewe. Digna angepoteza saa moja kwa mkutano. Tazameni sasa tumepoteza nini."

Asubuhi iliyofuata Digna alisimama ukingoni na vipande vya masale mkononi. Hakuchimba hata shimo moja.

"Faustin," akaita, "waite wananchi. Tukubaliane tuanzie wapi."