Taa Iliyoachwa Gatini

Sisi wa Skorvøy tumezoea kusubiri. Kisiwa chetu ni kirefu na chembamba, katikati kuna mlima, na barabara inayounganisha kaskazini na kusini imebanwa kati ya mlima huo na maji ya fjordi, ule mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima. Theluji ikiporomoka barabara inafungwa, na hakuna mwaka ambao haiporomoki. Hapo ndipo sisi wa Nordbukt, upande wa kaskazini, tunabaki na feri peke yake. Feri inatupeleka Sørnes, upande wa kusini wa kisiwa hichohicho, na kutoka Sørnes kuna handaki linalopita chini ya bahari mpaka bara. Watu wa mjini wakisikia kwamba tunapanda meli kwenda kuwaona majirani wa kisiwa kimoja, wanacheka. Waache wacheke, wao wana foleni zao.

Feri haisimami Nordbukt mpaka iitwe. Gatini kuna nguzo yenye taa, na kwenye nguzo kuna swichi. Unawasha, nahodha anaiona kutoka mbali, anakata kona kuja kukuchukua. Mtu wa mwisho kupanda ndiye anayezima. Ukisikia mwenzako anakuja nyuma yako, unaiacha inawaka, na feri inamngoja. Hakuna aliyetufundisha, tumezaliwa tukayakuta. Na hatuna tabia ya kugeuka na kumhoji mtu anayekuja, wewe nani, unakwenda wapi. Kwetu huo ni umbea. Anayekuja anakuja, wewe mwachie taa.

Ustaarabu huo ndio uliomponza kaka yangu Torgils.

Mke wake, wifi yangu Solbjørg, alikuwa mgonjwa wa figo. Kila baada ya siku moja ilibidi afikishwe hospitali ya mjini akasafishwe damu. Akikosa safari moja miguu inavimba. Akikosa mbili, ukoo mzima tunaanza kuzungumza kwa kunong'ona. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na kiu yake haikuwa na mwisho, kwa sababu madaktari walimpimia maji kama dawa. Siku moja alinitazama nikinywa kahawa jikoni kwake, akasema, "Kunywa taratibu basi, wifi, unanitesa." Tulicheka mpaka nikamwaga. Nilimpenda sana. Nalisema hili mapema, maana mkishasikia yaliyofuata mtasema ni mambo ya mawifi tu.

Ilikuwa Januari, barabara imefungwa, asubuhi saa mbili na giza bado totoro, maana kwetu majira ya baridi jua huchelewa. Safari iliyotangulia feri haikutoka kwa sababu ya upepo, kwa hiyo siku hiyo hapakuwa na mjadala, lazima Solbjørg afike. Torgils aliendesha gari hadi gatini, akashuka, akawasha taa. Mkewe alibaki kiti cha mbele na blanketi lake. Feri ikakata kona.

Hapo Torgils akasikia hatua nyuma yake. Zilikuwa hatua za mtu mwenye viatu vizito, anakanyaga barafu polepole, bila haraka yoyote. Akajua ni Oddmund, jirani yetu mzee anayeishi jirani na gati, ambaye huenda mjini kununua tumbaku na hapendi kusalimiwa kabla ya mchana. Torgils hakugeuka. Aliingiza gari ndani ya feri akaiacha taa inawaka.

Feri ikangoja. Baharia, mtu mmoja aitwaye Jostein, alisimama mlangoni akichungulia.

"Kuna mwingine?"

"Oddmund, nadhani. Nimemsikia nyuma yangu."

"Basi afanye haraka, leo tumeshachelewa."

Wakamngoja. Gati lilikuwa jeupe kwa barafu na mwanga wa taa ulifika mpaka mwisho wake, lakini hapakuwa na mtu. Jostein akanung'unika, akapandisha mlango, wakaondoka huku taa ikiendelea kuwaka nyuma yao.

Torgils alipanda juu kununua kahawa na ile chapati nene ya feri yenye siagi na sukari. Solbjørg alibaki garini, ngazi zilikuwa zinamchosha. Kaka yangu alikuwa hajamaliza kutafuna Jostein akamjia mezani.

"Torgils, mwambie Oddmund apande huku juu apate joto. Amelowa chapachapa."

"Oddmund hakupanda."

"Sasa yule aliyekaa kiti cha nyuma kwenye gari lako ni nani?"

Torgils aliacha kahawa yake, akashuka mbiombio. Vioo vya gari vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi kwa ndani. Alifungua mlango. Solbjørg alikuwa amelikumbatia blanketi. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu, ila kilikuwa kimelowa.

"Amekwenda wapi?" Solbjørg aliuliza kwa kunong'ona.

"Nani?"

"Huyo uliyemwachia taa. Aliingia akakaa nyuma yangu. Nilidhani ni Oddmund ana mafua, sauti imemkauka. Akaniuliza naumwa nini."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Akauliza kama tutapita kwenye handaki. Nikasema ndiyo." Alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Akasema vizuri."

Torgils na Jostein walizunguka feri yote. Walitazama chini ya magari, chooni, mpaka kwenye stoo ya kamba. Jostein aliapa kwamba alimwona mtu kwa macho yake, mgongo wake, na nywele zilizogandamana kichwani. Feri ilipofika Sørnes kaka yangu alisimama na ufunguo mkononi, akimtazama mke wake ambaye miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Kurudi nyumbani kulikuwa ni kumzika. Akawasha gari.

Handaki letu linashuka mpaka masikio yanaziba. Unajua kwamba juu yako kuna mwamba, na juu ya mwamba kuna bahari, na unajitahidi usiyafikirie yote mawili kwa pamoja. Kuta zinachuruzika. Asubuhi ile hapakuwa na gari lingine, mbele wala nyuma. Walishuka mpaka chini kabisa, pale barabara inapoacha kushuka na kuanza kupanda.

Gari likazimika. Taa za handaki zikazimika.

Torgils alisikia maji yakidondoka. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Alisikia pumzi ya mke wake. Kisha akasikia nyingine, nyuma yake.

"Usigeuke," Solbjørg alinong'ona.

Hakugeuka. Aliunyoosha mkono autafute mkono wa mkewe gizani. Hakuupata. Mlango ulifunguka. Baridi ikaingia, na harufu ya mwani uliooza. Mlango ukafungwa.

Taa zikarudi. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Pembeni yake mke wake alikuwa ameketi vilevile, blanketi magotini, anatazama mbele.

"Ameshuka," alisema. "Twende."

Torgils alilia kwa furaha mpaka wakatoka upande wa pili. Hakuuliza ni mlango upi uliofunguka.

Hospitalini walichukua damu, wakaitazama, wakachukua tena. Daktari alimwita daktari mwenzake. Figo zilikuwa zinafanya kazi. Waliwaambia warudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na majibu yakawa yaleyale. Majirani walileta keki, mchungaji alishukuru madhabahuni, na mimi mwenyewe nililia katika kiti changu kanisani. Nilifurahi kwa moyo mmoja. Furaha hiyo ilinikaa kama wiki moja hivi.

Kitu cha kwanza kunikwaruza kilikuwa safari yao ya kurudi. Siku ileile, Solbjørg aliomba wasipite kwenye handaki. Alitaka wazunguke kwa juu, wavuke daraja, wapite kisiwa cha jirani na kupanda feri mbili, safari ya nusu siku nzima. Torgils, ambaye huzima kipasha joto cha gari ili kuokoa mafuta, alikubali papo hapo. Tangu hapo Solbjørg hajapita tena chini ya bahari, hata mara moja.

Kitu cha pili kilikuwa maji. Alikunywa akiwa amesimama kwenye sinki, glasi baada ya glasi, bila kupumua. Nilijiambia ni haki yake, aliteseka sana. Kisha nikamkuta anakula samaki wa chumvi kutoka kwenye pipa, asiyelowekwa, na mifupa yake. Solbjørg ninayemjua mimi alikuwa akisikia harufu ya pipa lile anafungua dirisha. Na utani ulikwisha. Alikuwa mpole, mnene wa afya, ananiita wifi kama zamani, lakini alilitamka neno hilo kama mtu aliyeambiwa kwamba ndivyo niitwavyo.

Halafu mkono. Wagonjwa wa aina yake hutengenezewa mshipa mkononi wa kuchomea sindano, unabaki umevimba. Mshipa wake ulikuwa mkono wa kushoto. Nimeushika mkono ule mara nyingi nikimvusha kwenye barafu, nilikuwa naogopa kuuminya. Siku moja alikunja mikono ya blauzi aoshe vyombo. Mkono wa kushoto ulikuwa laini. Uvimbe ulikuwa kwenye mkono wa kulia.

Nilimvuta Torgils nje, kwenye banda la kuni.

"Umesahau tu, dada," alisema.

"Sijasahau."

"Amepona, Borghild. Analala usiku kucha. Unataka nini zaidi?"

Nilitaka wifi yangu, basi. Lakini nyuma yake pazia la jikoni lilikuwa limesogea, nikaokota kuni nikarudi ndani.

Nikaenda kwa Oddmund. Nakiri nilikwenda nikimshuku yeye kwanza, mimi ni mtu wa kushuku na siombi radhi. Nilitaka aniambie kwamba alikuwa gatini asubuhi ile, kwamba aliingia garini kimzaha, akashuka, yaishe. Alinifungulia mlango nusu.

"Asubuhi ile nilikuwa kitandani na homa," alisema. "Nilitoka kuzima taa tu. Ilikuwa inawaka bure."

"Hukuona mtu?"

Alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Niliona nyayo kwenye barafu. Zinakwenda mpaka pale gari lilipokuwa limesimama."

"Zinatoka barabarani?"

"Zinatoka kwenye ngazi ya mashua. Ile inayoshuka majini." Akafunga mlango.

Mwezi wa nne theluji iliyeyuka na barabara ikafunguliwa. Jumapili moja nilikwenda kwao kula chakula cha mchana. Jua lilikuwa limejaa jikoni. Torgils alikuwa anaipua sufuria ya samaki, mikono yote miwili imeshikilia, wakati simu yake ilipolia juu ya meza, karibu na sahani yangu.

"Iache, dada," alisema.

Mimi na kidole changu tulikuwa tumeshabonyeza spika, na sauti ikatoka wazi kwa sisi wote. Alikuwa mwanamume mwenye adabu, kutoka kituo kinachoangalia mahandaki.

"Samahani kukusumbua tena. Kuna mtu ameinua simu ya dharura, chini kabisa ya handaki la Skorvøy. Kamera haionyeshi gari wala mtu. Anasema yeye ni mkeo, na ametupa namba hii. Namuunganisha."

Kulikuwa na mkwaruzo. Kisha maji yakidondoka. Kisha sauti. Ilikuwa imekauka, lakini niliijua.

"Torgils? Mbona hurudi? Ni giza huku. Nina kiu." Akapumua. "Wifi yupo hapo? Wifi, mwambie aje."

Hakuna aliyesogea. Torgils alikuwa bado ameishika sufuria, mvuke unampanda usoni. Upande wa pili wa meza mke wake alijimiminia maji, akanywa glasi yote, akaiweka chini bila kelele. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe, kwa subira kabisa, akiwa na mashavu yake mekundu ya mtu mzima wa afya. Nimeujua uso wa kaka yangu tangu tukiwa watoto tunalala chumba kimoja. Hakuwa na mshangao. Aliweka sufuria chini, akafuta mikono, akaichukua simu.

"Mmekosea namba," alisema. Akakata.

"Tuleni," alisema mke wake, "samaki anapoa."

Nilitoka bila koti. Niliendesha mpaka Sørnes, nikashuka kwenye handaki, masikio yakaziba. Chini kabisa nilikuta gari la mafundi wa barabara limewasha taa zake za njano. Fundi alikuwa amesimama kwenye kile kibanda cha simu kilichochongwa ukutani.

"Hakuna mtu, mama," aliniambia. "Sijagusa kitu bado. Itakuwa ni nyaya, unyevu umeingia. Tangu Januari inafanya hivi. Kila mara kituo kinampigia mwenye namba, na kila mara anasema tumekosea."

"Kila mara?"

"Kila mara. Wewe unamfahamu?"

Mkonga wa simu ulikuwa unaning'inia, unazunguka polepole kwenye waya wake. Niliushika ili niurudishe mahali pake. Handaki lote lilikuwa la baridi, kuta zake, hewa yake, chuma chake. Mkonga ule wa simu ulikuwa na joto.