Kaa Waliosingiziwa

Kila asubuhi, wanawake wa kikundi cha chumvi walishuka pwani na majembe yao. Kijiji chao cha ujamaa, karibu na Ghuba ya Mnazi, kilikuwa kimeanzisha mradi huo mwaka ule ule. Maji ya bahari yaliingizwa kwenye bwawa, yakakaa juani hadi yakakolea, ndipo yakafunguliwa kidogo kidogo kuingia katika majaruba matatu ya kukaushia chumvi. Ijumaa lori lingekuja kuchukua chumvi ya kwanza. Isipokuwapo, serikali ya kijiji ingefunga mradi na kuwarudisha wote kwenye shamba la mihogo.

Somoe alikuwa amemaliza darasa la saba. Kazini hakuwa na hata mwezi, lakini alijiona bingwa. Bi Mwanahawa, kiongozi wa kikundi, hakufungua maji bila kuyaonja kwanza, na Somoe alibinua midomo kila alipomwona.

"Anaonjaonja kama mpishi wa harusi," alimnong'oneza mwenzake Yustina. "Maji yakiwa mengi, si chumvi itakuwa nyingi?"

"Muulize Bi Mwanahawa mwenyewe."

"Nimuulize nini? Najua."

Hakujua lolote. Jumanne mchana, wenzake walipokwenda kula, aliunyanyua ubao wa mlango wa bwawa, akayaacha maji mabichi, yasiyokolea bado, yamiminike katika jaruba la kwanza. Kisha bingwa wetu akaurudisha ubao ovyo ovyo, akaenda zake kula.

Jumatano asubuhi, chumvi ya jaruba lile ilikuwa imeyeyuka yote.

"Nani kagusa mlango?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Ni kaa hao, Bi," Somoe alisema haraka. "Wametoboa tuta la upande wa bahari. Nimewaona."

Waliamini, kwa kuwa kaa walitoboa matuta kila siku. Wanawake wazima wakapiga magoti topeni, wakaingiza mikono shimo baada ya shimo wakitafuta panapovuja. Yustina alibanwa kidole hadi kikatoka damu. Kumbe maji yalikuwa yakipenya chini ya ubao. Kufikia adhuhuri yalifurika hadi jaruba la pili, na chumvi yake nayo ikaenda. Somoe aliyaona yote hayo, na bado akanyamaza! Uoga wa namna hiyo unatia kichefuchefu.

Maji yalipoanza kulamba tuta la jaruba la tatu, alishindwa kuvumilia.

"Si kaa!" alilia. "Ni mimi. Nilifungua mlango jana. Ubao haujakaa sawasawa."

Wanawake waliinuka topeni. Walikimbilia mlangoni, wakaukandamiza ubao na kuuziba kwa udongo. Jaruba la tatu likapona. Ijumaa lori liliondoka na magunia machache tu, lakini liliondoka na chumvi, na mwenyekiti wa kijiji akaruhusu mradi uendelee.

"Nisamehe, Bi," Somoe alisema. "Mnanifukuza?"

Bi Mwanahawa alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Jaruba la kwanza uliliharibu kwa kutojua. Hilo nimekusamehe, hapa hakuna aliyezaliwa anaijua chumvi. Usipojua, uliza. Lakini la pili uliliharibu kwa uongo, wenzako wako topeni na wewe unawatazama. Ungesema asubuhi, tungeziba asubuhi. Kesho uje kazini. Siku utakayokusudia kunidanganya tena, usije."